Mama Yuko Hangzhou na Aws

Jumatatu, 13 Oktoba

Mama kaondoka. Saa tatu asubuhi, uwanja wa ndege, nimesimama nyuma ya kamba kama dereva wa teksi aliyekosa abiria. Mama mbele, kwenye kiti cha magurudumu, buibui jipya, miwani ya jua. Miwani ya jua! Miaka sabini na minne! Na anayesukuma kiti si mimi. Ni Aws.

Niandike kwa utaratibu, maana daftari hili huenda likasomwa siku moja na watu wenye haki. Mimi ni Ishaq, mtoto wa kwanza wa Bi Mahbuba, mstaafu wa wizara, mwenye nyumba hii ya Ghubra, hapa Maskati, ambamo Mama ameishi miaka kumi na moja. Aws ni mume wa dada yangu Rawan. Mkwe! Kaingia katika ukoo huu kwa nikaha tu.

Safari ni ya siku kumi na mbili. Wanakwenda Hangzhou, mji wa China wenye ziwa, ambako watu inasemekana huenda kutembea polepole na kutazama maji. Hakuna biashara. Hakuna matibabu. Kutazama maji! Kana kwamba Maskati haina bahari.

Njiani kurudi Manal, mke wangu, akanikumbusha kwamba nilialikwa. Kweli, nilialikwa. Aws alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kochi langu, akasema shemegi, twende sote. Nikajibu kwamba China ni mbali na miguu ya Mama haiwezi. Kisha nikanyamaza, kumpa Mama nafasi ya kusema kwamba kama Ishaq haendi, naye haendi. Mama akafikiri kidogo. Akasema, "Basi we' baki, uitazame nyumba."

Lakini hilo dogo. Kubwa ni hili. Pale uwanjani, nimeinama nambusu Mama mkono, nikamsikia Rawan anamnong'oneza mumewe: tukishafika kule, pahala patulivu, ndipo tumwambie khabari ya chumba.

Chumba! Wanajenga nyumba mpya Sib, inakaribia kwisha. Sasa naona kila kitu. Haya si matembezi. Huu ni wizi wa Mama, na utafanyika kando ya ziwa.


Jumanne, 14 Oktoba

Wamefika. Grupu la ukoo lina watu arubaini na tatu, kutoka hapa mpaka Unguja na Dubai, na wote leo hawana kazi ila kutazama picha. Mama kwenye benchi, chini ya mti wenye matawi yaliyoning'inia mpaka majini. Mama na daraja la mawe. Mama na Aws, Aws kamshikia mwavuli.

Hakukuwa na mvua. Nimeikuza picha. Hakuna hata tone.

Mashaallah thalathini na moja. Binamu yangu Bashayer kaandika kwamba Aws si mkwe tena, ni mtoto. Mtoto!

Nikajibu kiungwana. Nikatuma picha yangu na Mama tulipokwenda Nizwa mwaka juzi, tuko sokoni, nimemshika mkono, nyuma yetu ngome. Picha nzuri mno. Kimya saa mbili nzima. Kisha Bashayer akauliza yule mbuzi pembeni tulimnunua au tulimwacha.


Jumatano, 15 Oktoba

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Mama! Kwangu peke yangu, si kwa grupu. (Nimehakikisha.) Naunakili wote:

"Ishaq mwanangu, khabari za huko? Huku pana miti ina vijiua vya manjano, vidogo kama punje za mchele, vinanukia mji mzima! Asumini yetu haifui dafu. Jana tumepanda mashua ina paa, mwenye mashua hana haraka, anasukuma kasia kama anabembeleza mtoto alale. Na chai yao haina maziwa, haina iliki, haina sukari, majani mazima yanaogelea kwenye gilasi. Ya kwanza nilisema masikini watu hawa. Ya tatu nimeomba mwenyewe. Haya, nnakwenda, Aws kaniletea viazi vitamu vya kuchoma."

Nimeusikiliza mara nne. Hakuna pahala aliposema kwamba ananikumbuka. Lakini kasema asumini yetu. Yetu!

Asumini hiyo iko kwenye chungu kikubwa barazani. Mama kaipanda mwenyewe kwa kijiti alichokuja nacho kutoka Unguja kimefungwa kitambaa chenye maji, na kila jioni huichuma maua akayatia kwenye mto wake. Hivyo basi. Mama akiiona inakauka, atakata tikiti siku hiyo hiyo. Hatakuwepo tena kando ya ziwa kuambiwa khabari ya chumba.

Nimemwambia Pelagia asiimwagie maji. Pelagia ni msaidizi wetu wa nyumbani, mtu wa Bukoba, yuko nasi mwaka wa sita. Akaniuliza kwa nini. Nikasema ni utaalamu.


Alkhamisi, 16 Oktoba

Asumini imechanua zaidi.

Pelagia kakiri kwamba anaimwagia alfajiri. Kasema amri ya Mama ilitangulia na amri yangu imekuja nyuma. Katika wizara mtu kama huyu angefika mbali.

Nimekihamisha chungu mwenyewe, nyuma ya nyumba, mbele ya ile mashine ya nje ya kiyoyozi inayotoa upepo wa moto. Kizito! Nimekiburura, nimekisukuma, nimekikumbatia. Manal alinitazama kupitia dirisha la jikoni tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuuliza. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, ameacha kuuliza.


Ijumaa, 17 Oktoba

Baada ya sala watu wamenizunguka nje ya msikiti. Nikadhani wananisalimia. Wanauliza khabari za Mama na China! Jirani yangu Sleyum, anayekaa nyumba ya kutazamana na yetu, ng'ambo ya barabara, kasema kwa sauti kubwa kwamba wakwe kama Aws siku hizi hawapatikani. Kumbe picha za leo zimeshafika mpaka kwao: Mama amepelekwa kusali kwenye msikiti wa kale huko Hangzhou, na bibi mmoja wa Kichina Muislamu kamshika mikono yote miwili hataki kumwachia. Kisha wakala tambi pamoja.

Nimerudi nyumbani kwa hasira nikakuta neema. Asumini imenyauka! Majani yamejikunja, maua yamekuwa kama vishungi vya sigara. Nikaipiga picha kwa upande wa kusikitisha zaidi. Nikamtumia Mama na maneno haya: Mama, hata maua yanakulilia.

Jawabu likaja upesi. Si maandishi. Simu. Nikapokea kwa sauti ya mtu mwenye khabari nzito.

Mama akasema, "Mpe Pelagia."

Nikampa. Akaiweka simu kwenye spika, ili aendelee kumenya vitunguu. Mama akauliza asumini imepatwa na nini. Na Pelagia, mbele yangu, bila haya wala kupepesa jicho: "Mama, ni baba ndiyo kaihamisha. Kaiweka pale kwenye joto la AC. Mimi nilidhani anaifukizia dawa ya wadudu."

Nyuma ya Mama, huko China, nasikia ndege, na maji. Kisha Mama akamwambia Pelagia airudishe barazani, ayakate yaliyokauka, aimwagie maji kidogo kidogo asubuhi na jioni. Na mimi nisiiguse.

Kisha nikamsikia Aws, kwa mbali, anauliza kwa upole kama kuna tatizo, na kama shemegi anaumwa.


Jumamosi, 18 Oktoba

Nimekwenda Sib kununua samaki. Hiyo ndiyo khabari rasmi. Nikanunua nguru mzuri, nikamweka nyuma ya gari, na kwa bahati tu gari ikapita mtaa wa nyumba mpya ya Aws. Mara tatu.

Mara ya nne nikasimama. Mafundi wa rangi walikuwa ndani. Mmoja kaniona na kanzu safi, mikono nyuma, uso wa kutoridhika, akadhani mimi ni injinia. Sikumkatalia. Akanitembeza nyumba nzima, na kila nilipoguna akaomba radhi.

Chumba nimekiona.

Kiko chini. Mlango mpana, kiti cha magurudumu kinapita na nafasi inabaki kwa mtu pembeni. Hakuna kizingiti. Bafuni pana vyuma vya kushikia, kila upande, kwa urefu wa Mama hasa. Nilijipinda kidogo nikajaribu. Dirisha linatazama kibustani. Na ukuta! Kijani kile cha nyumba ya bibi yetu Unguja, kijani cha maji ya dafu, anachokitaja Mama kila akianza kusimulia utoto wake. Mimi nimekisikia miaka hamsini. Aws kakisikia miaka tisa, na kakipaka.

Nikakaa sakafuni. Fundi akaniuliza kama rangi imekosewa. Nikamwambia hapana. Nikamwambia iko sawasawa kabisa. Ndiyo neno la kweli pekee nililosema wiki hii.

Nilipofika nyumbani nikaenda moja kwa moja kulala. Nguru nikamsahau garini, madirisha yamefungwa, jua la saa nane. Manal ndiye aliyeufungua mlango wa gari. Sitaandika aliyoyasema.


Jumapili, 19 Oktoba

Mlangoni kwetu pana ngazi tatu. Miaka kumi na moja Mama anazipanda kashika bega la Pelagia, na akifika juu husema, "Haya, mlima tumeumaliza." Nilidhani ni mzaha wake. Leo nimejaribu kuzipanda bila kukunja magoti, kama yeye. Si mzaha.

Nimeamua. Nitajenga mteremko wa saruji. Mama akirudi, kiti kitapanda mpaka sebuleni bila mtu kuhema. Wao wana chumba, mimi nitakuwa na mteremko. Sleyum kasema nimwite fundi. Hasha! Mteremko wa kulipia hauna mapenzi ndani yake.

Jioni imekuja video kutoka kwa Rawan. Kando ya ziwa pana mzee wa Kichina mwenye brashi ndefu kama fagio. Haichovyi wino, anaichovya maji, anaandika juu ya mawe ya njia. Maandishi mazuri, makubwa, na jua likiyapiga yanakauka na kutoweka, naye hajali, anaandika mengine. Watu wamesimama kimya wanamtazama. Mama kwenye kiti chake anamtazama pia. Mzee kamuona, kamkabidhi brashi! Mama kacheka, kaichovya, kainama. Akaandika kwa herufi zetu za Kiarabu. Kavuta mstari mmoja mrefu wa kusimama. Alif.

Video ikaishia hapo.

Alif! Ishaq inaanza kwa alif. Aws nayo inaanza kwa alif. Nimeirudia video mara kumi na mbili. Nimeisimamisha penye mkono wake. Je, mkono unaelekea wapi? Manal kasema unaelekea kwenye jiwe.

Nikamwandikia Rawan, kwa utulivu, kama jambo dogo tu: Mama aliandika nini pale? Akanijibu kwa picha ya bata.


Jumatatu, 20 Oktoba

Nimejenga.

Mchanga, kokoto, saruji, mwiko wa kuazima kwa Sleyum. Sleyum kasimama getini kwake na kikombe cha chai, anatoa mafunzo ambayo hakuna aliyemwomba. Kasema kwa kila kimo cha shibiri moja, mteremko unataka urefu wa shibiri kumi na mbili. Nikapima. Kwa hesabu yake mteremko wangu ungevuka geti, barabara, na kuishia kitandani kwake. Nikamwambia vipimo hivyo ni vya hospitali. Huu ni wa nyumbani.

Nimefanya shibiri nne kwa kila shibiri moja. Imetosha, haikufika getini, na bado pamebaki pa kusimamisha gari.

Pelagia kaja kutazama. Kainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. "Baba, hii si ya kupandia. Hii ni ya kushukia tu." Nikamwambia saruji ikikauka itakaa vizuri zaidi. Akaniuliza, itakaa vizuri au italala?

Mgongo unaniuma. Viganja vimechubuka. Hakuna aliyenipiga picha akaitia kwenye grupu. Mwavuli ungeshikwa hapa, wote wangeona.


Alkhamisi, 23 Oktoba

Siku mbili nimeisubiri saruji. Leo asubuhi imekauka. Sleyum kaniazima kiti cha magurudumu cha marehemu baba yake.

Kupanda: mimi nimekaa, Pelagia kasukuma. Tumefika nusu, tukarudi. Tumefika nusu, tukarudi. Pelagia kasema kwao mizigo namna hii huvutwa na ng'ombe wawili. Nikasema basi, tuanze na kushuka.

Kushuka: kiti tumekibeba mpaka juu kwa ngazi, nikakaa, nikatengeneza kofia. Manal kasimama mlangoni, kasema neno moja tu, Ishaq. Pelagia kashika vishikio kwa nguvu zote. Nikamwamuru aachie, kwa sababu jaribio lazima liwe la haki. Akauliza mara mbili kama nina hakika. Nilikuwa na hakika.

Mteremko nimeumaliza kabla sijasema bismillahi. Gari letu nimelipita kwa unene wa kidole. Geti lilikuwa wazi. Nimevuka barabara nzima nikiwa nimekaa wima, mikono mapajani, kama mtu anayepelekwa kwenye hafla, nikakita kwenye mlango wa gari la Sleyum, ambaye alikuwemo ndani, anataka kutoka. Akanipigia honi! Kana kwamba mimi ndiye mwenye breki.

Mimi mzima. Kiti kizima. Mlango wa gari una alama ya goti.

Msiba haukuishia hapo. Sleyum ana kamera ukutani kwake. Kaitoa ile video akaituma kwenye grupu la msikiti, kwa nia njema, kasema, ili watu wajihadhari na miteremko. Mume wa Bashayer yumo katika grupu la msikiti. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshafika kwenye grupu la ukoo. Watu arubaini na tatu! Wa Dubai wameniwekea muziki.

Saa tisa ukaja ujumbe wa sauti wa Mama. Nikaogopa kuufungua. Nikaenda nao barazani, karibu na asumini (inapata nafuu).

Hakuna maneno. Ni kicheko tu. Mama anacheka! Anaanza kusema Ishaq, anafika Ish, anacheka tena mpaka anakohoa. Nyuma yake wanacheka na watu wengine, wengi, wazee, sauti ngeni. Rawan akafafanua kwa maandishi: walikuwa kando ya ziwa, penye wazee wanaocheza ngoma zao za asubuhi na jioni, wakataka kujua bibi huyu anachekea nini, basi simu imepita mkono kwa mkono.

Nimechekwa mpaka China.

Nimeusikiliza mara sita. Ukweli nitauandika: ule mwavuli, ile mashua, vile viazi vya kuchoma, hakuna picha hata moja ambamo Mama anacheka hivi. Aws hajawahi kumchekesha Mama hivi. Hajawahi!

Mara ya saba nimeusikiliza na Manal. Naye kacheka. Kanipaka dawa gotini.


Jumamosi, 25 Oktoba

Mama kafika.

Tangu asubuhi nimemwambia Manal tumfiche Mama ule mteremko kwa zulia. Manal kakataa. Gari ya Aws ikasimama, Mama akashushwa, kanenepa kidogo, uso umenawiri, anang'aa kama bibi arusi. Akaufikia mteremko. Akautazama kuanzia chini mpaka juu. Mdomo ukaanza kumtetemeka. Akajizuia. Akasema, "Umejenga mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akanipapasa viganja vyangu vilivyochubuka, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo nimeanguka.

Aws naye akautazama. Nikamsubiri aseme kitu, nimchukie kwa haki. Akasema, "Shemegi, kazi kubwa hii." Na hakuwa anadhihaki! Mtu gani huyu?

Mama kazipanda ngazi tatu kama kawaida yake. Safari hii bega alilolishika ni langu. Juu kabisa akasema, "Haya, mlima tumeumaliza."

Zawadi: hariri kwa Manal, hariri kwa Pelagia, kopo la majani ya chai kwangu. Kopo zuri. Aws kanunuliwa nini? Nimemuuliza Rawan, kwa njia ya kuzunguka. Kasema nimuulize Mama.

Chumba, hakuna aliyekitaja. Nimekula chakula chote bila kujua ni kitu gani.


Jumapili, 26 Oktoba

Asubuhi, saa moja, mimi na Mama barazani. Yeye kajitengenezea ile chai yake ya majani yanayoogelea. Mimi karaki yangu, chai ya maziwa na iliki. Nikaona bora nife kwa kuuliza kuliko kwa kusubiri.

Kwanza nikauliza kwa mbali, lile neno aliloandika kwa maji, lililoanza kwa alif.

"Alhamdulillah," akasema. "Ulitaka niandike nini?"

Nikasema hakuna. Nikanywa karaki. Kisha nikasema, Mama, nimekiona chumba cha Sib.

Hakushtuka. Kasema anajua, fundi wa rangi alimpigia Aws kumwambia injinia mnene kaja, kakaa chini, kalia. (Sikulia. Na mnene ni neno lake.) Kisha akaniambia. Walimwomba siku ya pili tu, ndani ya mashua. Rawan alisema kidogo, Aws akasema zaidi, akamweleza mpaka rangi ya ukuta. Mama akatazama maji mpaka mashua ikapita chini ya daraja. Akawaambia chumba kizuri, Mungu awajaze kheri, atakwenda kulala siku moja moja, lakini kuhama hahami.

Nikauliza kwa nini. Nilijua jawabu. Kwa sababu ya mapenzi ya mtoto wa kwanza. Nilikuwa nimeshajitayarisha kusikia.

"N'takuachia nani wewe?" akasema. "Aws mtu mzima, ukimwacha pahala unamkuta pale pale. We' nimekuacha siku nne umeibanika asumini yangu. Siku kumi umejitupa barabarani."

Nikasema nina mke. Akasema Manal naye mwanaadamu, anahitaji wa kupokezana naye.

Halafu akaizungusha gilasi, anatazama majani yanavyoshuka. Akasema pale ziwani pana benchi moja, karibu na mti wenye matawi ya kuning'inia, ndiyo ilikuwa yao kila asubuhi. Rawan na Aws wakienda kutembea, yeye hukaa pale peke yake. Na kila siku alijisogeza pembeni, bila kufikiri, akabakisha nafasi. "Ungekuja tu, mwanangu. Mtu anakualika kwa moyo safi, unanyamaza ili uombwe mara ya pili. Nani ana umri wa kuomba mara ya pili?"

Karaki ilinipalia. Ndivyo nilivyomwambia.

Kwa hiyo naandika hapa, kwa akili timamu, na naweka sahihi yangu: tangu leo sina hila. Wivu nimeuacha. Aws ni ndugu yangu. Kama Mama anataka kwenda Sib, China, popote, nitamfungia begi lake mwenyewe, na nitasema safari njema kwa uso mkunjufu.

Ishaq.

Nyongeza: nimempigia simu Aws kumshukuru. Kafurahi sana. Kasema nilivyompigia nimemwondolea uzito mkubwa moyoni. Tumezungumza mpira robo saa. Kumbe mtu mwepesi.


Jumatano, 29 Oktoba

Aws kaumwa mgongo. Siku kumi na mbili za kusukuma kiti kwenye njia za ziwa na kukipandisha kwenye madaraja ya mawe zimemshika leo. Hawezi kuinama, hawezi kukaa. Nimesikitika kikweli kabisa. Nimemwombea dua.

Kisha Mama akasema anakwenda Sib kumuuguza. Siku tatu. Atamtengenezea supu ya miguu ya mbuzi kwa mkono wake, na mafuta ya karafuu ya kupakwa na Rawan. Atalala kwenye kile chumba, rangi imeshakauka.

Nimekumbuka sahihi yangu. Nimefunga begi mwenyewe, kama nilivyoahidi. Nimetia nguo za siku tatu, zilizohesabiwa, si zaidi. Nimempeleka Mama mpaka Sib, nimemkuta Aws kalala kifudifudi kama nguru kwenye meza ya soko, nimemwambia pole, shemegi, na lilitoka moyoni. Mama akakaa ukingoni mwa kitanda. Akamuuliza panauma wapi. Kwa sauti ile! Ile ya kupapasia viganja!

Nimerudi Ghubra, nyumba kimya. Siku tatu si nyingi. Siku tatu ni kitu gani? Mgongo lakini una tabia ya kujirudia, Manal mwenyewe kasema. Leo siku tatu, kesho wiki. Kwa supu namna ile nani atakayepona?

Saa kumi nimepima presha. Iko sawa kabisa. Nimepima tena. Iko sawa.

Hata hivyo ile siku ya kiti goti liligonga mlango wa gari, na magoti ya watu wa umri wangu ni jambo la kuangaliwa mapema. Nimezunguka sebule mara mbili tatu, kuona linavyokwenda. Halikwenda vizuri. Baada ya magharibi nitampigia Mama kumjulia hali tu, na kama goti litaingia katika mazungumzo, litaingia.

Pelagia kapita na ufagio, kaniuliza mbona nachechemea. Nikamwambia ni goti, tangu juzi. Kasema, "Pole baba. Lakini saa ile ulikuwa unachechemea mguu mwingine."

Naandika hapa nisisahau: kushoto.